Ndimu Ni ya Kula, Si ya Kupaka Usoni

SWALI: Daktari, nina miaka 24, naishi Muheza. Chunusi zimeniachia madoa usoni. Niliambiwa dawa ya ngozi ni vitamini C, basi nikawa nachanganya maji ya ndimu na sukari, nasugua uso, halafu nakaa nje mpaka yakauke. Wiki hii uso unawaka moto, nimetoka malengelenge, na pembeni mwa mdomo pamekuwa peusi kuliko mwanzo. Shoga yangu anasema mwili umepungukiwa vitamini C, nikachome sindano. Nifanye nini?

JIBU: Binti, acha ndimu leo hii. Hujapungukiwa vitamini C. Umeungua.

Wagonjwa wenye uso kama wako nimewapokea miaka nenda miaka rudi, na karibu kila mmoja alifundishwa na mtu anayempenda: dada, shangazi, jirani. Kwa hiyo nieleze taratibu. Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikibaki juu ya ngozi na jua likazipiga, ngozi huungua. Haiungui papo hapo. Huanza kuuma baada ya saa 24 hivi, na malengelenge huzidi siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana watu hawaishuku ndimu. Hulaumu sabuni, samaki waliowala juzi, au jicho la mtu. Vidonda vikipona huacha weusi unaokaa wiki kadhaa, pengine miezi. Wewe uliyekuwa ukikaa nje mpaka yakauke, ulikuwa ukifanya hasa kile kinacholeta madhara hayo.

Usiseme basi nitapaka usiku. Ndimu ni kali mno kwa ngozi hata bila jua, na chembe za sukari zinaikwangua. Ngozi yetu nyeusi ikichokozwa hujibu kwa kutoa rangi zaidi, kwa hiyo unayemfukuza ndiye unayemwita. Wapo watakaosema fulani alipaka akang'ara. Alichubuka tabaka la juu, ndiyo maana alionekana mweupe siku mbili tatu. Na vitamini yenyewe haipenyi ngozini kwa kumwagiwa maji ya tunda. Hata watengenezaji wa dawa za kupaka zenye vitamini C huhangaika kuifanya ipenye na isiharibike ndani ya chupa.

Ni kweli vitamini C ina kazi kubwa kwenye ngozi. Mwili huitumia kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoishikilia ngozi na kuziba vidonda. Ikikosekana kwa miezi, mtu hupata kiseyeye: fizi hutoka damu, jeraha halifungi, ngozi huvilia damu. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, aliwapa mabaharia wawili wenye kiseyeye machungwa na malimau, nao wakapata nafuu ndani ya wiki moja. Aliwalisha. Hakuwapaka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Chungwa moja la wastani linatosheleza, na wewe uko Muheza, machungwa yanakokwenda sokoni kwa malori. Pera linazidi chungwa mara kadhaa. Mchicha nao unayo, ila usiuchemshe mpaka ulegee kisha ukamwaga maji yake, maana vitamini hii huyeyuka majini na huharibiwa na moto. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu ni bora kuliko krimu nyingi ninazoletewa zikiwa hazina hata lebo.

Sindano, sikubali. Kinachozidi mahitaji hutoka kwa mkojo, na dozi kubwa huweza kuleta mawe kwenye figo. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi katika nchi zenye malaria kama yetu, na wengi wao hawajui kwamba wanao. Kwao dripu ya dozi kubwa ya vitamini C huweza kuvunjavunja chembe nyekundu za damu. Anayekuchoma saluni hakupimi lolote, na sindano isiyo safi inaambukiza homa ya ini na Ukimwi.

Kinachonikera zaidi ni kuchelewa. Watu hupaka ndimu, kisha majivu, kisha mkorogo, halafu mwezi wa nne ndipo wanakuja. Baka lililofifia rangi na lisilohisi ukiligusa linaweza kuwa ukoma. Dawa zake zinaua vimelea na hutolewa bure, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa mkononi hairudi. Doa jeusi linalokua kwenye wayo au chini ya ukucha linaweza kuwa saratani. Hayo hayasubiri ujaribu ndimu kwanza.

Kwa sasa osha uso kwa maji safi, usitumbue malengelenge, usipake kitu chochote cha kuchubua, na ukitoka jifunike kwa mtandio au mwavuli. Chunusi zenyewe zina dawa. Ukishapona mwombe daktari akuandikie, usinunue krimu za steroidi kwa ushauri wa muuza duka. Kwa kuwa malengelenge yako yapo usoni, nenda kituo cha afya kesho asubuhi. Yakitoa usaha, ukipata homa au jicho likivimba, usingoje kesho.