Mgonjwa Anapoongezewa Damu: Kazi ya Ndugu Aliye Kando ya Kitanda

Mtoto aliyekuwa akicheza uani Jumapili, Jumatano amelegea kwa malaria, viganja vyeupe, anahema kwa shida. Au mama amejifungua salama, lakini damu haikatiki. Hospitali wanasema: "Aongezewe damu." Hapo familia nyingi, hapa Mikocheni kama kule Temeke, huingiwa na hofu. Wengine hukataa kwa kuogopa UKIMWI. Wengine hukubali, kisha hutoka nje wakidhani kazi imekwisha. Wote wawili wanakosea.

Damu inatoka wapi?

Zamani kila hospitali ilijitafutia damu, mara nyingi kwa ndugu wa mgonjwa. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, unaokusanya damu kwa watu wanaojitolea. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Hata hivyo, mtu aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita vipimo vinaweza visimwone. Ndiyo maana mtoaji huulizwa maswali ya siri kuhusu maisha yake. Ajibu ukweli. Na tukumbuke, damu haiuzwi. Anayekudai fedha ya mfuko wa damu, mwulizie kwa uongozi wa hospitali.

Kwa nini makundi ya damu?

Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu hazifanani. Leo tunayajua makundi A, B, AB na O. Damu isiyopatana ikiingia mwilini, mwili huipiga vita na kuzipasua chembe zake, na figo zinaweza kushindwa kazi. Hata kiasi kidogo kinaweza kuua. Kwa hiyo maabara huijaribu damu ya mtoaji pamoja na ya mgonjwa kabla ya kuitoa.

Lakini kosa kubwa mara nyingi halitokei maabara. Hutokea kitandani, damu ya mtu mmoja anapotiwa mwingine. Tuseme wodini wamo akina mama wawili, wote wanaitwa Mama Neema. Nesi anaita, "Mama Neema!" Wote wanaitika. Umeona hatari yake?

Mambo matano ya kuangalia

1. Jina. Nesi akija na mfuko, mgonjwa mwenyewe ataje majina yake kamili. Kama hawezi, ndugu ayataje yale yaliyoandikwa hospitalini, siyo jina la nyumbani. Jina, namba ya mgonjwa na kundi la damu vilingane kwenye mfuko na kwenye karatasi. Uliza kwa adabu: "Nesi, tumehakikisha ni ya kwake?" Nesi mwema hachukii.

2. Mfuko. Usiwe umevuja, na damu isiwe na mabonge wala rangi ya ajabu. Usiuanike juani wala kuutia katika maji ya moto ili upate joto. Damu huharibika.

3. Mpira. Damu hupita katika mpira wake wenye kichujio. Dawa zisichanganywe humo. Maji yanayoruhusiwa pamoja na damu ni ya chumvi ya hospitali tu. Maji ya glukosi huharibu chembe za damu.

4. Dakika 15 za kwanza. Damu iende polepole na mgonjwa asiachwe peke yake, maana athari mbaya zaidi huanza mapema. Nesi hupima joto, mapigo ya moyo na presha kabla ya kuanza, baada ya dakika 15, kisha mara kwa mara hadi mwisho. Usimfunike mgonjwa gubigubi: uso na mikono vionekane.

5. Muda. Mfuko ukitoka kwenye friji, damu ianze kutolewa ndani ya dakika 30, na imalizike ndani ya saa 4. Usiguse kigurudumu cha mpira eti iende haraka tuwahi nyumbani. Damu ikienda mbio inaweza kuulemea moyo, hasa wa mtoto na wa mzee.

Mwite nesi mara moja ukiona haya

Mgonjwa anatetemeka au anapata homa, anawashwa au anatoka vipele, anabanwa na kifua, anaumwa kiuno au mgongo, anasikia maumivu panapoingia sindano, mkojo wake umekuwa mwekundu au mweusi, au anasema tu, "Sijisikii vizuri." Mtoto mchanga hawezi kusema, basi tazama anavyohema na anavyolia. Usingoje mfuko uishe. Nesi ataifunga damu, ataacha mshipa wazi kwa maji ya chumvi katika mpira mpya na kumwita daktari. Mfuko usitupwe: hurudishwa maabara kuchunguzwa.

Nasi tutoe

Mfuko huo ulitoka katika mkono wa mtu asiyemjua mwanao. Mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa: mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Tarehe 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani, lakini wagonjwa hawangoji Juni. Jumuiya yako ikipanga siku, waite watu wa Damu Salama. Siku mtakapoihitaji ninyi, iwe imo tayari kwenye friji.