SOMO LA MAARIFA: IMBWA ASIYE NA BWANA

Kwetu imbwa asiye na bwana anapigwa mawe. Kule Uingereza wanamuweka katika nyumba, na mutu mwenye kumutaka anakuja kumuomba. Leo tutazame namna kazi hiyo inavyofanywa, kwa mufano wa imbwa mudogo anayeitwa terrier.

1. Terrier ni imbwa gani?

Jina limetoka katika Kifaransa: terre, ni kusema udongo. Imbwa hawa walifugwa kwa kufuata panya na mbweha mpaka ndani ya shimo. Katika mwaka 1819 John Russell, mwanafunzi wa Oxford ambaye nyuma alikuwa muchungaji, alinunua jike mudogo mweupe, jina lake Trump. Kwa ukumbusho wake tunasema leo Jack Russell. Mutu akiona udogo wake anafikiri ni kazi nyepesi. Hapana! Anachimba, anapiga kelele, anataka kukimbia kila siku, na anaweza kuishi miaka 13 na kupita.

(Munajua? Imbwa wa kwetu asiyebweka, basenji, alionyeshwa London mwaka 1895 kwa jina la Congo Terrier. Lakini yeye si terrier wa kweli.)

2. Nyumba ya imbwa waliopotea

Katika mwaka 1860 mama Mary Tealby alifungua nyumba ya imbwa waliopotea kule Holloway, katika London. Wengi walimucheka: Juu ya nini kulisha imbwa, na watu wako na njaa? Yeye aliendelea. Alikufa mwaka 1865, lakini kazi haikufa. Mwaka 1871 ilihamia Battersea, na iko pale mpaka leo.

3. Namna ya kumupokea

a) Imbwa akiokotwa katika barabara, sheria inataka angojewe siku 7, bwana wake apate kumutafuta.
b) Munganga wa nyama anamupima na kumupiga shindano.
c) Mwenye kumutaka anaulizwa: Unakaa wapi? Kuna watoto wadogo? Nani anabaki nyumbani muchana? Uko na paka ao kuku?
d) Anaonana na imbwa, wazoeane.
e) Analipa feza ya kusaidia kazi.
f) Jina lake linaandikwa pamoja na namba ya kidude kidogo kilicho chini ya ngozi ya imbwa. Tangu mwaka 2016 sheria inalazimisha hivyo.

Maswali haya yote si ukali. Mutu akichukua imbwa kwa huruma tu, bila kufanya hesabu, nyuma ya mwezi mumoja anachoka na kumurudisha. Basi imbwa amepotea mara mbili. Huruma inaanza kazi, lakini hesabu ndiyo inayoifikisha.

4. Na sisi je?

Usikamate imbwa wa barabarani kwa mukono, hata akiwa mutoto mwenye macho ya huruma. Ugonjwa wa kichaa cha imbwa unaua watu karibu 59,000 kila mwaka katika dunia, zaidi katika Afrika na Asia, na kati yao kuna watoto wengi. Alama zake zikisha kuonekana, ni karibu kufa tu. Ukiumwa, osha kidonda mara moja na maji na sabuni kwa dakika 15, kisha enda hospitali siku ile ile. Usifiche juu ya kuogopa baba! Shindano hizi zinaokoa: mwaka 1885 Pasteur aliponyesha nazo kijana wa miaka 9.

Ukitaka kufuga, uliza kwanza wazazi: chakula kitatoka wapi, nani atamulipia shindano kila mwaka, na nani atamuangalia wakati uko masomoni. Majibu yakikosekana, ngoja. Kungoja pia ni kumupenda.

MASWALI
1. Jina terrier limetoka wapi?
2. Juu ya nini imbwa anangojewa siku 7?
3. Imbwa amemuuma ndugu yako mudogo. Utafanya nini kwanza, na nini kisha?