Nimeshindwa kutengeneza sabufa, je, niache chuo?

Mdogo wangu,

Unasema uko mwaka wa pili wa uhandisi wa elektroniki, Dar es Salaam, una sapu ya somo la signali, na likizoni mjomba alikuletea sabufa inayovuma ukashindwa kuitengeneza mbele ya ndugu. Fundi wa mtaani aliyeishia darasa la saba akaimaliza palepale. Tangu siku hiyo unataka kuacha chuo.

Usiache, angalau si kwa sababu hiyo.

Tuitazame sabufa yenyewe. Umeme wa TANESCO hwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Daraja la dayodi hupindua nusu ya chini ya wimbi ikawa juu, yakapatikana mapigo 100 kwa sekunde, na kapasita kubwa huyalainisha. Kapasita ikikauka, mapigo hupenya hadi kwenye spika. Fundi ameusikia mvumo huo miaka mingi, anaujua kwa sikio. Wewe ukilichambua wimbi hilo kwa njia ya Fourier, hiyohiyo iliyokupa sapu, utakuta hezi 100, 200, 300. Ile 50 haimo. Kwa hiyo ukisikia mvumo wa 50, tafuta kwingine: dayodi iliyokufa, au waya wa ethi ulioachia. Hesabu imekuonyesha njia kabla hujashika bisibisi. Na amplifaya ambayo bado haipo duniani, kapasita yake iwe na ukubwa gani? Hilo ndilo unalofundishwa kujibu.

Simdharau fundi hata kidogo. Nenda ukakae naye bandani likizo ijayo. Akufundishe kuchoma lehemu, kupima kwa mita, na kutoa chaji kwenye kapasita kabla ya kuigusa, maana hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa.

Mikono huja taratibu. Hata baada ya miaka minne ya chuo, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu. Nani basi akudai ufundi mwaka wa pili?

Sapu usiikariri kwa pasti pepa. Chora kila wimbi kwa mkono kwanza, ndipo uandike hesabu yake, na ukikwama mfuate mwalimu na swali moja mahususi. Ukifanya hivyo na bado somo halikuvutii, niandikie tena tuzungumze kuhusu kuhama kozi.