Mteja Akisema "Mara Mbili", Shika Rula Kwanza

Somo la leo nililipia Sh 51,000 na siku 11 za kazi bila ujira. Wewe lisome bure.

Mimi natengeneza mashua ndogo za mbao hapa Mwanza na kuziuza mtandaoni. Nyingi ni mitumbwi na meli za ziwa letu, za kuweka mezani. Kuna moja ilikuwa tofauti, mfano wa mashua ya mashindano iitwayo Slo-mo-shun IV. Ile ya kweli ni ya Seattle, Marekani. Tarehe 26 Juni 1950 ilikimbia kwenye Ziwa Washington kwa takribani kilomita 258 kwa saa, ikaweka rekodi ya dunia. Siri yake ni kwamba ikishika mwendo hailali majini. Inainuka, inagusa maji sehemu tatu tu: miguu miwili ya mbele, moja kila ubavu, na propela nyuma.

Ya kwangu ilikuwa na urefu wa sm 36, plaiwudi ya mm 3, gramu 300. Nilikuwa naiuza Sh 70,000.

Siku moja mteja wa Dar akaja inboksi: "Fundi, nataka hiyo hiyo ila kubwa mara mbili, na ikimbie majini kwa rimoti. Mota, betri na rimoti nakutumia mwenyewe. Bei gani?"

Nikajibu hapo hapo: "Mara mbili bosi, 140,000. Usafiri 12,000." Alilipa dakika ile ile. Nikafurahi. Hapo ndipo nilipoumia.

Kosa la kwanza: uzito

Nilizidisha kila kitu kwa mbili: urefu, upana, kimo, hadi unene wa plaiwudi, kutoka mm 3 kwenda mm 6. Ilipokamilika nikaipima, gramu 2,400 tupu! Sio mara mbili ya 300, ni mara nane. Kwa sababu 2 × 2 × 2 = 8.

Nikaweka mota na betri, jumla gramu 2,900. Asubuhi, ziwa likiwa limetulia, nikaishusha majini. Mota inalia, maji yanaruka, mashua imelala vile vile kama mtumbwi uliojaa dagaa. Haikuinuka hata kidogo. Watoto waliokuja kutazama wakaondoka mmoja mmoja.

Ikabidi nimpigie mteja nimwambie ukweli na kuomba siku zaidi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa fundi, lakini iwe inakimbia."

Nikaanza upya:
- Plaiwudi ikabaki mm 3 chini na mm 2 juu. Mashua imekuwa kubwa, lakini mbao sio lazima inenepe nayo.
- Mataruma niliyatoboa matundu katikati. Nguvu ya taruma iko pembeni zaidi, katikati ni uzito wa bure.
- Epoksi nilipaka mikono miwili myembamba, nikaacha ile tabia ya kupaka vanishi mara tano ili ing'ae.
- Betri niliisogeza mpaka mashua ikakaa sawa juu ya vidole viwili, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Uzito ukienda nyuma sana, pua inanyanyuka na mashua inaweza kupinduka. Ukienda mbele sana, inachimba maji.

Safari hii gamba lilikuwa gramu 950. Pamoja na mota na betri, 1,450. Nusu ya ile ya kwanza! Nilipovuta rimoti iliinuka ndani ya mita chache, ikapita inateleza juu ya maji. Nilipiga kelele peke yangu.

Kosa la pili: boksi

Nikadhani nimemaliza. Nikafika kwa wasafirishaji. Mizigo ya ndege wengi hawaangalii mzani peke yake. Wanapima boksi: urefu × upana × kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 6,000 au 5,000. Kati ya jibu hilo na kilo za mzani, unalipia kubwa.

Boksi langu la zamani: 40 × 20 × 15 = 12,000. Gawanya kwa 6,000, kilo 2.
Boksi jipya: 80 × 40 × 30 = 96,000. Gawanya kwa 6,000, kilo 16!

Mashua ya kilo moja na nusu nikailipia kilo 16. Kwa Sh 3,000 kila kilo, ikawa 48,000. Kumbuka mteja nilimwambia 12,000. (Na betri ya lithiamu usiifiche ndani ya boksi. Itaje mapema, kwenye ndege ina masharti yake.)

Hesabu yangu

Nilipokea: 140,000 + 12,000 = 152,000.
Nilitumia: gamba la kwanza 80,000, la pili 60,000, boksi 15,000, usafiri 48,000 = 203,000.
Hasara 51,000. Mteja hakunidhulumu hata shilingi. Nilijidhulumu mwenyewe kwa kujibu haraka.

Chukua hii

Mteja akisema "mara mbili" kila upande:
1. Urefu ni × 2. Hii inahusu kamba, uzi, fremu.
2. Eneo ni × 4. Hii inahusu mbao, kitambaa, rangi.
3. Ujazo ni × 8. Hii inahusu boksi, na uzito wa kitu kilichojaa ndani.

Unauza mazulia? La mita 2 kwa 2 ni mara nne ya la mita 1 kwa 1. Unaoka keki? Ya kipenyo cha sm 40 ni mara nne ya ile ya sm 20, hata kama kimo ni kile kile. Unauza vikapu? Pima boksi kabla ya kutaja usafiri.

Siku hizi jibu langu ni moja: "Nipe saa moja bosi, nipige hesabu." Hakuna mteja aliyekimbia kwa sababu hiyo. Ile gamba nzito bado iko rafuni juu ya meza yangu. Nikitaka kutaja bei haraka, naitazama kwanza.

Wewe "mara mbili" imeshakula mtaji wako? Tuambie unauza nini, tupige hesabu pamoja hapo chini.