Kuomba Marekebisho ya Programu Mabadiliko Yanapokuwa Yamefungwa

Programu za kompyuta zinazotumika katika vituo vya afya hutolewa kwa matoleo. Kabla ya toleo jipya kutoka, watengenezaji hufunga mabadiliko: hawaongezi jambo jipya, bali hujaribu lililopo. Ufungaji huo ni kinga, kwa kuwa rekebisho la haraka laweza kuharibu sehemu iliyokuwa nzima. Je, ifanyweje hitilafu ya hatari ikigunduliwa wakati huo?

Mfano wa kujifunzia

Tuchukulie kwamba mhudumu wa afya Ihumwa, mashariki mwa Jiji la Dodoma, anajaribu toleo linalosubiriwa. Anaingiza uzito wa mtoto, kilo 8.5, programu inapuuza nukta na kusoma kilo 85. Kwa kipimo cha miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo, dozi sahihi ni miligramu 127.5. Programu inaonyesha 1,275, yaani miligramu 150 kwa kila kilo ya mtoto huyo, kiwango kiwezacho kudhuru ini.

Ombi linavyoandaliwa

Utaratibu wa Debian, mfumo endeshi huria unaokusanya pia programu nyingi za tiba, unatufundisha. Kabla ya toleo lake la 13 kutoka tarehe 9 Agosti 2025, ufungaji ulikazwa kwa hatua. Kuanzia 27 Julai kila kifurushi kilihitaji idhini ya timu ya toleo. Mwombaji hueleza sababu na kuambatanisha tofauti zote kati ya kifurushi cha zamani na kipya, ili wakaguzi waone kilichoguswa.

Kwa kufuata mwongozo huo, ombi letu lieleze:

1. Madhara: nani ataumia, na kwa namna gani.
2. Ushahidi: kilichoingizwa, kilichotarajiwa na kilichoonekana, bila jina la mgonjwa.
3. Ukubwa wa rekebisho: liguse kosa hilo pekee. Rangi mpya ya ukurasa ingoje toleo lijalo.
4. Majaribio: nani amejaribu, na kwa uzito upi, kwa mfano kilo 8.5, 10 na 12.3.
5. Njia ya kurudi: toleo la zamani litarejeshwaje mambo yakiharibika.

Mhudumu huleta mambo mawili ya kwanza. Fundi wa TEHAMA hukamilisha yaliyobaki.

Jibu linaposubiriwa

Ombi laweza kukataliwa, na toleo likacheleweshwa au likatoka bila sehemu yenye kosa. Kwa hiyo kituo kiendelee kukokotoa dozi kwa mkono, na mtu wa pili aihakiki. Mzazi naye aulize: “Mmeandika mwanangu ana kilo ngapi?” Swali hilo fupi laweza kufichua kosa ambalo mashine imelipitisha.

Zoezi

Mtoto ana kilo 6.4. Kokotoa dozi sahihi kwa kipimo kilekile, kisha dozi ambayo programu yenye kosa ingeonyesha. Andika sentensi mbili za kueleza madhara katika ombi lako.