Kumsomesha Mtandaoni Mtu Mzima Aliyeumia Ubongo

Juma lililopita, hapa Kutulo, mwanafunzi wangu, mfanyabiashara wa mifugo ambaye alianguka na bodaboda katika barabara ya Elwak akajeruhika ubongo, aliniletea ujumbe wa sauti: "Maalim, nimeandika mizania bila kuangalia." Furaha ya maneno hayo imenilazimu kuwaandikia walimu wenzangu mambo matatu.

La kwanza ni wakati. Vipindi viwe vifupi, baada ya sala ya alfajiri, kabla ya joto na uchovu usioonekana usoni. Wala siwezi kunyamazia vifurushi vya intaneti vya saa moja, ambavyo muuzaji mmoja alimsifia mwanafunzi wangu kwa urahisi wa bei, naye akawa akisoma mbiombio kwa kuhofia dakika kwisha, ilhali haraka ni adui wa fahamu zilizojeruhiwa. Chuo chake nacho kilimfungia mtihani saa ilipotimia. Nilipomwombea muda wa ziada, nilijibiwa kwamba mbona yu mzima. Jawabu hilo linaniuma hata leo.

La pili ndilo lililotuokoa. Mwaka 1986, Glisky, Schacter na Tulving, huko Toronto, walieleza jinsi walivyowafundisha istilahi za kompyuta watu wenye kumbukumbu dhaifu, kwa kupunguza herufi kidogo kidogo. Nami humtumia neno zima, "mizania", alinakili. Kisha "mizani-", kisha "mizan-", hadi ibaki "m" peke yake. Akisita, humrudishia herufi moja papo hapo, wala simwachi abahatishe, kwa maana Baddeley na Wilson walidhihirisha mwaka 1994 kwamba aliyedhoofika kumbukumbu huweza kulishika kosa lake mwenyewe kwa nguvu, kwa kuwa hakumbuki alivyosahihishwa. Walimu wengi hupenda kuuliza, "Jaribu, unadhani ni nini?" Kwa mwanafunzi huyu swali hilo ni dhuluma.

La tatu nilikusudia lihusu jamaa za nyumbani, lakini mkewe amenitangulia: ameuandika msamiati wote wa hesabu kwa chaki juu ya mlango wa bati, na kila asubuhi, akisha kuchemsha chai, hufuta herufi moja kwa kidole, akamwita mumewe asome. Sasa wamo katika "mtaji", na zimesalia herufi tatu.