SOMO LA TAWI: UJUZI ULIOLIPIWA NA UMMA NI WA NANI?



Mara nyingi katika matawi tunaulizwa: mtambo mpya ukiletwa, mbona ujuzi wake hauji pamoja nao? Sisi wenyewe tumewahi kutumia mashine ambayo sanduku lake la umeme lilifungwa kwa lakiri. Ikiharibika, tulimngoja fundi wa kampuni iliyoiuza, na siku hizo za kungoja hatukulipwa. Leo tulitazame jambo hili kwa mfano wa mbali: mafundi wa kompyuta wa maabara ya CERN, karibu na Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa.

CERN si mali ya tajiri. Ilianzishwa mwaka 1954 na nchi 12 za Ulaya, kwa fedha za kodi, ili ichunguze chembe ndogo kabisa zinazounda kila kitu. Mkataba wake unataka matokeo ya kazi yake yatangazwe kwa wote. Mwaka 1989 mfanyakazi wake Mwingereza, Tim Berners-Lee, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Ndiyo ikawa wavuti, ambayo siku hizi hata mchuma chai huifungua kwa simu yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikuwa na mfumo wake ulioitwa Gopher, ulioenea kuliko wavuti. Mapema mwaka 1993 kikatangaza kwamba baadhi ya wanaoutumia watatozwa ada. Watu wakaingiwa na hofu, wakaanza kuuacha. CERN nayo ingeweza kutoza. Badala yake, tarehe 30 Aprili 1993 ilitoa hati kwamba programu ya wavuti ni ya umma: kila mtu aitumie, ainakili, aibadili, bila malipo.

Faida ya uamuzi huo haikugawanyika sawasawa. Shamba lilikuwa la wote, lakini wenye mitaji mikubwa ndio waliovuna zaidi. Hilo tusilifiche.

Wala CERN haikuyafukuza makampuni. Mwaka 2001 ilianzisha nayo ushirikiano uitwao openlab. Kampuni huleta mitambo mipya ya kompyuta, mafundi wa maabara huijaribu kwa kazi nzito na kuonyesha kasoro zake. Maabara hupata vifaa, na vijana hupata mafunzo. Kampuni haiji kwa huruma, ndugu, inakuja kupimiwa bidhaa yake. Lakini inakuta mezani watu wanaoijua mashine hadi ndani, na watu kama hao hawauziwi maneno matupu.

Kwa mkutano ujao wa tawi, wajumbe waombe kuuona mkataba wa mashine ya mwisho iliyoletwa kiwandani au shambani kwao (wakinyimwa, hilo nalo liletwe mkutanoni). Tutajadili: Ni nani anafundishwa kuitengeneza? Vitabu vyake viko wapi, na kwa lugha gani? Mkataba ukiisha, ujuzi unabaki na nani?